Tulipoegesha Gari Mbele ya Boma Lake

Aibu ya kwanza ilikuwa ya gari lenyewe, na hiyo nilijua kuibeba. Mume wangu alinunua gari kuukuu la kusambazia mikate, akang'oa rafu zote za ndani, akaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji chini ya kiti, na mapazia aliyoyakata kwenye kitambaa cha dukani kwangu bila kuniuliza. Ubavuni palikuwa na picha ya mkate uliokatwa slesi. Aliipaka rangi juu, mkate ukachungulia. Akapaka tena, ukachungulia tena. Siku alipolitoa uani kwa mara ya kwanza majirani walijipanga malangoni kama wanangoja bibi harusi, na mmoja akaniuliza kama nimeacha vitambaa nimeingia kwenye mikate.

"Hii ni nyumba," mume wangu akasema, kifua mbele. "Nyumba ya magurudumu. Tutakuwa tunakwenda kulala porini."

Loo! Walivyocheka! Mimi nina duka la vitambaa hapa Garissa mjini, na wanawake hawaingii dukani kwangu kununua peke yake, huingia kupumzika na kupata habari. Basi habari ikawa mimi. "Abaayo, dada yetu, ni kweli? Mama yako alitoka porini nyumba yake ikiwa mgongoni mwa ngamia, akashukuru Mungu, sasa wewe unarudi huko kwa hiari yako?" Nilicheka pamoja nao, nikamsema mume wangu kidogo ili nionekane niko upande wao. Lakini moyoni nilikuwa nimechoshwa na mji: joto la mabati, jenereta ya jirani, wateja wanaokufunulisha jora zima halafu wanakwambia watarudi kesho. Nilitaka kwenda. Hilo sikumwambia mtu.

Binti yetu alikuwa amefunga shule. Anasoma bweni Nairobi, na amerudi na lugha yake. "Mathe, wacha kujam," akaniambia, yaani nisinune. "Watu huenda kempi. Ni poa."

Tukaenda. Si mbali, ni hifadhi ndogo ya twiga huko chini ukiufuata Mto Tana, geti la mbao na askari mmoja wa wanyamapori, mtu wa bara, mcheshi, mwenye buti zilizopasuka. Sehemu ya kupiga kambi ilikuwa uwanja wa mchanga chini ya migunga. Choo cha shimo chenye mlango wa bati, bomba lisilotoa kitu, mafiga yenye masizi ya watu waliotutangulia. Na nyani. Nyani walikuwa wamekaa juu ya meza ya mbao, wazee kwa watoto, na mmoja akatutazama kwa dharau hivi kisha akaendelea kujikuna.

"Hapa silali," nikasema.

Askari akatuonyesha mwinuko nje kidogo ya kizuizi. Alisema kuna upepo, na wazungu wengine huegesha huko wakiwakimbia nyani. Tukapanda. Kweli palikuwa pazuri. Upande mmoja unaona mikoma ya mtoni imejipanga, upande mwingine nyika imelala mpaka macho yanachoka. Na hapo chini, mahali ambapo ukirusha jiwe linafika, palikuwa na uzio wa miiba, kibanda kimoja cha mikeka, na moshi mwembamba.

Nilikiona. Ninasema hivyo kwa sababu mume wangu hupenda kunitetea kwamba hatukuona. Niliona uzio, nikaona moshi, nikamwambia arudishe gari nyuma kidogo ili mlango uelekee kwenye mandhari.

Mwanamke akatoka kibandani, mtu mzima, mwembamba, shuka limekazwa kiunoni. Sasa mimi mdomo wangu huwa hautulii. Nilipunga mkono nikamsalimia kwa Kisomali, kwa sauti ya kwetu kabisa, ile ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Nilikuwa nimefurahi. Nilitaka na yule askari asikie kwamba mimi si mtalii, mimi hapa ni mtoto wa nyumbani.

Alikuja papo hapo. Akatuuliza afya, akauliza mvua ya huko tulikotoka, akauliza mifugo, nami nikajibu kana kwamba ninayo. Kisha akauliza ukoo. Kwetu watu wakikutana huteremka ukoo, wewe unashuka wako na yeye wake, mpaka mgongane mahali. Tuligongana kwa bibi mzaa baba wa mume wangu, ambaye alitoka kwa watu wake. Mama yule akapiga paja kofi.

"Kumbe mmekuja nyumbani! Mtalala?"

"Mpaka kesho kutwa, inshallah, eeddo," nikamjibu. Eeddo ni shangazi. Nililitamka kwa mbwembwe.

Akalitazama gari, akautazama mlango wake, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayekubaliana na jambo. Akatuombea usiku mwema, akashuka. Sisi tukakunjua viti, tukapika chai, tukala anjera na nyirinyiri, ile nyama kavu ya ngamia niliyoijaza kopo zima, tukasifu upepo.

Asubuhi mlango wa nyuma wa gari ukagoma kufunga, mume wangu akabaki na bisibisi zake. Mimi na binti tukatoka na askari kutembea. Kijia cha kwenda waliko twiga kinapita ubavuni mwa uzio wa eeddo, tukamkuta anakamua mbuzi. Alikuwa mbuzi jike mweupe, sikio moja limechanika. Pembeni yake amesimama mtoto mdogo, mjukuu wake, anayeanza kutembea vizuri, ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono yote miwili, anangoja.

Nikauliza wengine wako wapi. Akaniambia kijana wake amehama na mifugo yote kufuata majani, mbali, hajui atarudi lini. Mama yake mtoto amelazwa hospitali mjini. Huyu mbuzi mmoja waliachiwa kwa ajili ya mtoto, kwa sababu mtoto hajazoea chakula kingine, akila uji anatapika.

"Bila huyu sijui ningempa nini," akasema, akimpangusa mbuzi kiwele kwa kiganja.

Akamimina kidogo kifunikoni akanipa. Nikakataa, akasisitiza, nikanywa funda moja. Yalikuwa ya moto bado, yana harufu ya moshi. Nikamsifia. Mtoto alikuwa ananitazama mdomo.

Tukaendelea. Siwezi kudanganya, ile safari ya miguu ilikuwa tamu. Kanga walikimbia mbele yetu wakikata kona pamoja. Tuliona swala twiga amesimama kwa miguu ya nyuma anachuma majani, binti yangu akasahau kujifanya hashangai. Askari alituonyesha nyayo za twiga, kila moja kubwa kama sinia, na mbele tukawakuta wenyewe, kundi, wanatafuna, wanatushushia macho kutoka huko juu. Tukakaa chini ya mgunga. Binti anapiga picha, mimi navua viatu. Nilijiambia kwamba wale wateja wangu hawajui wanachokikosa.

"Yule mama leo ana raha," askari akasema. "Nimekaa hapa muda, sijamwona hivyo. Alfajiri amekuja getini kuniomba chumvi. Akaniuliza kama bwana wako ana kisu kizuri."

"Kisu cha nini?" binti akauliza.

Mimi sikuuliza. Nilivuta viatu vyangu karibu.

Niseme jambo lenyewe, kwa asiyelijua. Kwetu mgeni si yule anayebisha hodi. Ukishusha mzigo wako mahali moshi wa mtu unapoonekana, ukamsalimia, mkajuana ukoo, wewe ni mgeni wake, upende usipende. Na mgeni wa namna hiyo, ndugu, aliyelala, huchinjiwa. Mwenye wengi huchagua. Mwenye mmoja hana la kuchagua. Asipofanya hivyo yatasemwa visimani, na kijana wake atayasikia huko alikohamia: watu wa damu yenu walilala mlangoni kwa mama yako, wakaondoka hawakuona damu. Wazungu walilala pale pale na eeddo hakutoka hata ndani, kwa sababu mzungu huja na mambo yake na huondoka nayo. Sisi tuliegesha kama wazungu, tukasalimu kama ndugu.

Na mimi nilijua! Hicho ndicho kinachonichoma. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinisimulia mara nyingi kwamba miaka ya kiangazi, akihama, alikuwa anamzungusha ngamia wake mpaka nyuma ya vichaka, mbali, anajenga nyumba yake mahali ambapo hakuna boma linaloweza kuona moshi wake. Anajificha ili asimgharimu mtu. Anakwenda kuteka maji mbali zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Na binti yake akachagua mahali penye mandhari.

Nilivaa viatu nikaanza kukimbia.

"Mathe! Mathe, ni nini?"

Miiba ilinishika dira, nikalivuta likachanika, sikujali. Nilikuwa nikipanga maneno njiani. Nitamwambia tumepata simu, kuna msiba, tunaondoka sasa hivi. Nitamwambia mume wangu kakatazwa nyama na daktari. Nitamwambia lolote, Mungu atanisamehe, ilimradi nifike. Mimi ni mtu mnene, sikuwa nimekimbia tangu shule, nilikimbia siku hiyo.

Nilipofika kwenye gari mume wangu alikuwa amekunja mikono ya shati, ananawa kwa maji ya tangi. Uso wake ulikuwa umekunjuka kwa furaha.

"Unajua hawa watu wetu wa porini wana adabu sana," akaniambia. "Yule eeddo amenifuata hapa. Ana wageni leo, na hana mwanamume nyumbani wa kumchinjia. Nimemsaidia. Amenifanyia dua hiyo, wee!"

Nilishika mlango wa gari nikahema.

"Wageni wake ni akina nani?"

"Sikumuuliza. Mtu mzima akikuomba umchinjie utaanza kumhoji?"

"Umeona wageni wowote pale?"

Aligeuka akatazama boma. Akatazama barabara, tupu. Akanitazama mimi. Niliona habari inamfikia polepole, ikaanzia machoni ikashuka mpaka kwenye mikono iliyokuwa bado inadondosha maji.

"La," akasema. "Astaghfirullah. La."

Nikashuka peke yangu mpaka kwenye uzio. Mbuzi alikuwa ameshatundikwa kwenye tawi, ngozi imetandazwa chini, na sikio lililochanika linaonekana. Eeddo alikuwa anakata maini. Alinipokea kwa uso mkunjufu, ameshajitanda ushungi wake mzuri, ule ambao mtu huuweka kwa siku ya sherehe. "Mmerudi mapema! Kaa, kaa, ini liko tayari." Mtoto alikuwa karibu na ngozi, na kikombe chake mkononi.

Ningesema nini? Kumwambia pole kungekuwa ni kumwambia kwamba ni maskini. Kumwambia hukupaswa ni kumwambia kwamba sisi si ndugu. Nikakaa kwenye mkeka. Nikasema, "Mashallah, eeddo, umetuheshimu." Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Mume wangu na binti wakaja. Binti akaninong'oneza, "Si tumwambie tu tumeshiba?" nikamfinya. Tulikula. Wallahi nilikula kila nilichopewa, ini, mbavu, mafuta, kwa sababu alikuwa anatutazama mikono, na kila tulipopunguza kasi aliuliza kama chumvi haikutosha. Mume wangu wakati mmoja aliingiza mkono mfukoni, nikamkanyaga mguu kabla hajautoa. Angetoa pesa pale angemuua yule mama akiwa hai.

Alasiri mtoto akaanza kulia. Hakulia kwa fujo, alikuwa anakwenda kwenye kamba ya mbuzi, anaishika, anarudi na kikombe. Eeddo akampa chai ya rangi, akaitema. Akampa kipande cha mafuta anyonye, akakitupa. "Atazoea," eeddo akasema, na akanigeuzia mgongo kidogo ili nisimwone uso.

Nilipanda mbio garini. Nilikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, la chai yangu. Nililileta nikaliweka mbele yake, nikasema ni la mtoto, ni zawadi ya shangazi kwa mtoto, lisichanganywe na kitu kingine. Alishukuru sana. Akalifungua, akanusa, akasifu. Kisha akainjika sufuria kubwa, akamwaga unga mle ndani bila huruma, akatia majani na sukari, na wa kwanza kupewa kikombe nilikuwa mimi. Wa pili mume wangu, wa tatu binti. Mtoto alipewa yaliyobaki chini.

Niliinywa ile chai. Nikaomba nyingine ili afurahi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba chochote nitakachomwekea mbele huyu mama, maadamu nimekaa kwenye mkeka wake, kitarudi kinywani mwangu.

Tuliondoka jioni ile ile, tukisingizia duka. Njiani binti alisema kwamba hatawaonyesha wenzake zile picha. Nyumbani nilifua dira lililochanika, nikaliacha hivyo hivyo, sikulishona. Wateja waliniuliza porini kulikuwaje. Nikasema kulikuwa na upepo mzuri.

Mwezi uliofuata mume wangu alikwenda soko la mifugo, akarudi na mbuzi jike mweupe anayenyonyesha, na mtoto wake. Tukawapandisha kwenye gari la mikate. Tulikuwa tumefikiria kumwachia yule askari awapeleke, lakini alikuwa amehamishwa, na mpya hatukumjua. Njia nzima tulibishana. Mume wangu alitaka tushuke tusalimie, hata dakika moja, kwa adabu. Nikamwambia, "Ukishuka, atamchinja huyu mdogo. Ukikaa, atamchinja na mkubwa. Unamjua." Tukakubaliana asizime gari.

Tulifika mchana. Alirudisha gari mpaka kwenye uzio, injini inanguruma. Nikafungua mlango wa nyuma, nikamvuta mbuzi akashuka, mwanawe akaruka nyuma yake, nikafunga kamba kwenye kijiti cha uzio haraka kama mwizi. Sikutaka kuinua macho. Lakini eeddo alikuwa ameshatoka, mtoto kiunoni, mkono mmoja unaweka ushungi sawa, anacheka.

"Ni nyinyi! Karibuni! Shukeni, shukeni, naweka chai!"

"Ni wa mtoto, eeddo," nikasema, narudi kinyumenyume. "Tuna haraka."

"Haraka gani, jamani? Maji hata? Mwambie mwanangu azime gari."

Mtoto alikuwa amekonda. Nilipanda nikafunga mlango. Kwetu kupita mlangoni kwa mtu bila kushuka hufanyiwa adui, au mtu aliyekutendea jambo baya lisilosemeka, na hata huyo wengine humshukia. Mume wangu akakanyaga mafuta taratibu. Eeddo akaja nasi, kiganja chake kwenye ile picha ya mkate, anatembea, kisha anatembea haraka, kisha hakuweza tena. Hakumtazama mbuzi hata mara moja.

Dirisha langu lilikuwa wazi, nilimsikia vizuri.

"Nimewakosea nini?" aliita. "Wanangu, nimewakosea nini?"

Mume wangu alipunguza mwendo, akanitazama. Nikamwambia aendeshe.